Una kesi ya nyuma na unaomba residensi Marekani? Tuongee hapa bila kuoneana haya

StethoYaKale

Wakuu, salaam.

Kila mwaka ikikaribia Septemba, msimu wa kuomba residensi, yaani mafunzo ya udaktari bingwa hospitalini, napata ujumbe wa faragha wa aina moja. Mtu kamaliza mitihani yake ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari Marekani, cheti cha ECFMG cha madaktari waliosomea nje kipo au kiko njiani, barua za mapendekezo tayari, halafu mwishoni kabisa, baada ya salamu ndefu na kuulizana hali za nyumbani: "Daktari, kuna kitu kidogo." Kitu kidogo huwa ni kukamatwa akiendesha gari kalewa, au lipstiki iliyotoka dukani bila kulipiwa, au ugomvi wa chumbani uliomfanya jirani aite polisi. Nimeona nijibu mara moja hapa, na waliopita njia hiyo waongezee.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani. Nilipokuwa residenti mkuu nilikaa kwenye kamati ya kuchagua waombaji. Kura ya mwisho haikuwa yangu, lakini masikio yalikuwepo.

Ninachoamini ni hiki: kesi yenyewe, ikiwa ni moja, ya zamani na haikuhusu kumdhuru mtu wala dawa za kulevya, mara nyingi siyo inayomwangusha mwombaji. Kinachomwangusha ni kukwepa swali aliloulizwa, au kujibu ambalo hakuulizwa. Maana utaulizwa na wanne tofauti, kila mmoja kwa maneno yake: fomu ya ERAS ya kuombea residensi, bodi ya madaktari ya jimbo, hospitali yenyewe, na kwa sisi wa viza, ubalozi. Jibu la kweli kwa mmoja linaweza kuwa uongo kwa mwingine.

Tuanze na ERAS. Inauliza kama umewahi kutiwa hatiani nchini Marekani kwa kosa dogo la jinai, kisha inauliza hivyo hivyo kuhusu kosa kubwa la jinai. Soma taratibu. Kutiwa hatiani. Haikuulizi kama ulikamatwa, haikuulizi kama ulilala mahabusu. Kama mwendesha mashtaka aliifuta kesi kabla hujakiri chochote, unajibu hapana, na ni hapana ya haki. Wapo wenzetu waoga wanaojaza ndiyo kwa kesi iliyofutwa, "ili nisionekane nimeficha." Unajitia hatiani mwenyewe kwa kosa ambalo mahakama ilikuachia!

Ila shuka chini kidogo kwenye fomu hiyo hiyo. Lipo swali linalouliza kama kuna jambo lolote katika historia yako linaloweza kukuwekea mpaka katika kupata leseni au ruhusa ya kutibu hospitalini. Wengi wanalipita mbio. Hapo ndipo mtu mwenye kesi isiyoisha, au leseni iliyowahi kusimamishwa kwingine, anatakiwa kutulia na kutafuta ushauri kabla ya kubonyeza.

Bodi ya jimbo ni habari nyingine. Majimbo mengi yanataka residenti awe na leseni ya mafunzo au kibali kabla ya kugusa mgonjwa, na bodi nyingi hupeleka alama za vidole FBI. Yapo majimbo ambayo bodi zake huuliza kuhusu kukamatwa tu, hata kama kesi ilifutwa. Yapo yanayotaka utaje na rekodi iliyofungwa. Kwa hiyo unaweza kuwa umejibu hapana kwenye ERAS mwezi wa tisa na ukatakiwa kujibu ndiyo kwa bodi mwezi wa nne, na majibu yote mawili yakawa ya kweli. Shida inakuja pale mkurugenzi wa programu anapolisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa bodi. Hata kama hukukosea, umemshtua.

Hospitali inakuja baada ya Match, yaani ule mpango wa kuwaoanisha waombaji na programu: kampuni ya kuchunguza historia, kipimo cha mkojo, na kama hospitali inapeleka maresidenti wake VA, yaani hospitali za maveterani wa jeshi, kuna makaratasi ya serikali kuu. Fomu ya OF-306 ambayo wengi tuliijaza inauliza kuhusu kutiwa hatiani ndani ya miaka 7 iliyopita, na inakuambia yenyewe uache faini za barabarani zisizozidi dola 300 na hukumu ambayo rekodi yake imefutwa kisheria. Sasa linganisha na fomu ya viza, DS-160. Ile inauliza kama umewahi kukamatwa AU kutiwa hatiani kwa kosa lolote, hata kama ulisamehewa. Kitu kile kile ambacho fomu moja inakuambia usitaje, nyingine inakudai utaje.

Naomba kuwasilisha. Maswali karibuni.

KwaniKesho

Mkuu mbona unatisha watu. Mimi nina jamaa yangu alijaza hapana kote, alikuwa na kesi ya kuendesha gari kalewa, na sasa yuko mwaka wa pili anakula maisha. Wamarekani wenyewe wana kesi hizo kibao. Hawa watu hawana muda wa kufukua.

StethoYaKale

@KwaniKesho Wamarekani wanazo kibao, kweli. Na wanazijaza ndiyo, wanaeleza, wanasonga.

Huyo jamaa yako tumwombee, maana bado hajamaliza kuulizwa. Kila mwenye leseni ya mafunzo ataomba leseni kamili. Akimaliza ataomba ruhusa ya kutibu kwenye kila hospitali atakayofanya kazi. Ataomba namba ya DEA ili aandike dawa zinazodhibitiwa. Kampuni za bima zitamuuliza. Akienda jimbo lingine, bodi mpya itamuuliza. Kila mara atachagua kati ya kurudia uongo na kukiri kwamba fomu aliyosaini mwanzoni haikuwa ya kweli. Kosa la kwanza lilikuwa la barabarani, lina faini na muda wake. La pili linahusu uaminifu wa daktari, na bodi za leseni hulichukulia kwa uzito wa peke yake.

Halafu usisahau saini. Kwenye ERAS unathibitisha kwamba kila ulichojaza ni kweli, na AAMC, chama cha vyuo vya udaktari kinachoiendesha, wana utaratibu wa kuchunguza waombaji wanaodanganya, na matokeo yake yanaweza kupelekwa kwa programu ulizoomba. NRMP nao, wenye Match, mkataba wao unakutaka utoe taarifa kamili, sahihi na kwa wakati, tangu unapoomba mpaka unapoanza kazi.

Kipimo36

Naongezea upande wa ofisini, maana ndipo ninapokula mkate. Nimekuwa mratibu wa programu kwa miaka kadhaa.

Watu hudhani mkurugenzi akiona ndiyo anatupa faili. Zipo programu zinazofanya hivyo, tusidanganyane. Programu ikiwa na maombi maelfu na nafasi kumi na mbili, chochote kinachorahisisha kupunguza rundo hutumika, na mwombaji wa kutoka nje ya nchi tayari anapunguzwa kwa mambo mengine kabla hatujafika huko. Lakini nyingine zinasoma maelezo. Bosi wangu anauliza mambo matatu tu: lini, kimejirudia au ni mara moja, na bodi ya jimbo letu itampa leseni kwa wakati? Hilo la tatu ndilo linalomkosesha usingizi. Residenti asiyekuwa na leseni Julai 1 ni zamu zilizo wazi, na wenzake ndio watakaozibeba.

Ndiyo maana mwombaji anayekuja na majibu ya bodi mkononi anatushusha presha. Tulishawahi kupata mmoja aliyekuwa ameshaiandikia bodi kuuliza kosa kama lake linashughulikiwaje, akatuonyesha walichomjibu. Mkutano wa kumjadili ulikuwa mfupi kuliko wa mtu aliyefeli Step 1, mtihani wa kwanza wa USMLE, mara moja.

Jambo lingine ambalo halisemwi. Match ni mkataba unaofunga pande zote mbili, ila hospitali inaweza kuweka sharti la kupita uchunguzi wa historia na kipimo cha dawa za kulevya, mradi waombaji walielezwa masharti hayo kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho ya kupanga orodha. Someni ile sera mnayotumiwa kipindi cha usaili! Hakuna anayeisoma. Uchunguzi ukiibua kitu ulichoficha, programu inaweza kuomba NRMP iiondolee wajibu wa kukuchukua, na Mei hiyo unabaki huna nafasi na SOAP, raundi ya kugombea nafasi zilizobaki, ilishapita tangu Machi. Na ukikutwa umevunja mkataba wa Match, unaweza kufungiwa usishiriki kwa mwaka au zaidi.

MamaWawili

Daktari shikamoo, na wengine wote. Swali langu linaweza kuonekana la kitoto. Nilikuwa Virginia kwa mafunzo ya kutazama hospitalini, nikashikwa na polisi wa barabarani kwa mwendo. Nililipa faini mahakamani, sikufungwa, sikuwekwa ndani hata dakika. Hiyo nayo ni rekodi? Mume wangu anasema ni tiketi tu kama tiketi nyingine.

StethoYaKale

@MamaWawili Marahaba dada. Siyo swali la kitoto hata kidogo, na Virginia ndiyo mfano ninaoutumia kila siku.

Angalia karatasi yako imeandikwa nini. Kama ni mwendo kasi wa kawaida, shemeji yuko sahihi. Lakini Virginia wana kosa la uendeshaji wa hatari, na ukizidisha maili 20 juu ya kiwango kilichowekwa, au ukipita maili 85 kwa saa popote pale, kama kilomita 137, unaingia humo. Hilo ni kosa dogo la jinai la daraja la kwanza, kisheria linaweza kumfunga mtu hadi miezi 12. Watu wengi hulipa faini wakidhani wamemalizana na tiketi, kumbe wametiwa hatiani kwa jinai. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, kwenye ERAS unajaza ndiyo.

Usitishike. Hakuna kamati itakayokesha ikijadili mwendo wako. Watacheka, wataendelea. Wataacha kucheka wakikuta umejaza hapana.

Na kinyume chake kipo. New Jersey, kuendesha gari umelewa ni kosa la usalama barabarani, haliitwi jinai. Wisconsin, la kwanza kwa kawaida ni la madai, unalipa faini. Mtu aliyekamatwa huko anaweza kujibu hapana kihalali kwenye swali la ERAS, ilhali mwenzake wa jimbo jirani kwa kiwango kile kile cha pombe anajibu ndiyo. Kwa hiyo msiulizane "wewe ulijazaje." Ulizeni karatasi ya mahakama.

Wakili_Msomi

Mimi siyo daktari, niko kwenye ofisi ya mawakili wa uhamiaji, nimeletwa humu na dada yangu anayeomba mwaka huu. StethoYaKale ameeleza vizuri ila upande wa viza ameugusa kwa ncha ya kidole, na ndipo madaktari wetu wanapoumia.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani, tangu marekebisho ya 1996, ina maana yake yenyewe ya kutiwa hatiani. Ukikiri kosa, au ukikiri mambo yanayotosha kuthibitisha kosa, na jaji akakuwekea adhabu au masharti yoyote, kwa uhamiaji umetiwa hatiani. Haijalishi kwamba jimbo lilisema hukumu imesitishwa na baada ya mwaka mmoja kila kitu kikafutwa. Mwaka 1999 bodi ya rufaa ya uhamiaji ilisema wazi katika shauri la Roldan kwamba kufutiwa rekodi na jimbo hakumfutii mtu hatia kwa macho ya uhamiaji.

Kwa hiyo wakili wa jinai akikuambia "kiri tu, tutakufutia baadaye, hakuna atakayejua," muulize kama anajua huna uraia. Tangu kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, 2010, Mahakama ya Juu ilisema wakili ana wajibu wa kumweleza mteja hatari ya kufukuzwa nchini inayotokana na kukiri. Wengine bado hawasemi.

Makosa yanayoumiza zaidi kwenye viza siyo lazima yawe ndiyo yanayoumiza zaidi kwenye residensi. Wizi wa dukani, hata wa kitu cha dola 15, unahesabika kati ya makosa ya utovu wa maadili. Kuna nafuu kwa kosa moja dogo: ikiwa adhabu ya juu kabisa ya kosa hilo haizidi mwaka mmoja na wewe hukupewa zaidi ya miezi 6, hata kama ni kifungo cha nje. Kuendesha gari ukiwa umelewa, kosa moja la kawaida lisilo na majeruhi, kwa kawaida haliingii kwenye kundi hilo. Lakini tangu Novemba 2015 Wizara ya Mambo ya Nje imekuwa ikifuta viza za watu waliokamatwa kwa kosa hilo ndani ya miaka 5, kwa kukamatwa tu. Unaweza kuendelea kukaa na kufanya kazi kama hadhi yako ya ndani ni halali, ila ukitoka kwenda kuzika au kuoa, huingii tena bila viza mpya, na utapelekwa kwa daktari wa ubalozi apime kama una tatizo la pombe. Residenti wa viza ya J-1 anayekwenda likizo bila kujua hili, zamu zake zinamsubiri huku yeye yuko kwenye foleni.

Na bangi. Jimbo limehalalisha, duka liko kona, wenzako Wamarekani wanavuta. Kwa sheria ya shirikisho bado ni haramu, na kwa mgeni hata kukiri tu mbele ya afisa kwamba uliwahi kumiliki kunaweza kukufungia mlango.

Nungunungu

Asante wakili. Basi mimi niseme langu. Lilikuwa duka kubwa, nilikuwa mwanafunzi. Kesi haikusikilizwa. Waliniweka kwenye programu, nikahudhuria darasa, nikafanya kazi za kujitolea, wakaifuta. Nimetiwa hatiani au sijatiwa? Nimeuliza watu watatu, nimepewa majibu matatu.

Wakili_Msomi

@Nungunungu Kabla ya kuingia kwenye hiyo programu, ulisimama mbele ya jaji ukakiri, au ulisaini karatasi inayosema ulifanya? Hapo ndipo jibu lilipo. Programu hizi ziko za aina mbili. Ya kwanza, mwendesha mashtaka anasimamisha kesi kabla hujakiri chochote, unamaliza masharti, anaifuta. Hiyo siyo hatia, si kwa ERAS wala kwa uhamiaji. Ya pili, unakiri kwanza, jaji anashikilia hukumu mkononi, ukimaliza vizuri anaitupa. Hiyo kwa uhamiaji ni hatia. Kwa ERAS itategemea jimbo linasemaje kuhusu kesi iliyoisha hivyo, na hilo akujibu wakili wa jimbo hilo, mwenye faili mbele yake, siyo sisi humu.

Kwa DS-160 huna pa kukwepa kwa vyovyote vile. Ulikamatwa, unajaza ndiyo, unaambatanisha karatasi.

DktMtarajiwa

Tuseme jibu ni ndiyo. Kile kiboksi cha maelezo unaandika nini? Mimi nimeandika rasimu ya ukurasa mzima na haiingii.

StethoYaKale

@DktMtarajiwa Na isiingie! Kiboksi kile ni kidogo kwa makusudi, na kinakusaidia.

Nimesoma maelezo ya kila namna. Yanayoharibu yanafanana. Yanaanza na hali ya hewa ya moyo: "Nilikuwa napitia kipindi kigumu." Yanaendelea na polisi: "alinisimamisha bila sababu ya msingi." Yanamalizikia na somo: "tukio hili limenifanya kuwa daktari mwenye huruma zaidi." Msomaji akifika mwisho hajui ulifanya nini, lini, na kesi iliishaje. Na amebaki na hisia kwamba unajitetea.

Yanayofaa ni makavu. Mfano wa kubuni, kwenye fomu utauweka kwa Kiingereza bila shaka:

"Machi 2019 nilisimamishwa nikiendesha gari baada ya kunywa pombe. Hakukuwa na ajali wala majeruhi. Nilikiri kosa la kuendesha gari nikiwa nimelewa, ambalo katika jimbo hilo ni kosa dogo la jinai. Nililipa faini na kumaliza mafunzo yaliyoamriwa na mahakama. Muda wa uangalizi uliisha Machi 2020. Sijawa na kesi nyingine. Hati za mahakama zipo zikihitajika."

Basi. Sentensi ya "sijawa na kesi nyingine" iandike tu kama ni kweli, na ile ya hati iandike tu kama unazo.

Insha ya binafsi iache iongelee udaktari. Wapo washauri wanaosema uitumie kueleza kesi. Mimi napinga, labda kama kesi imeikatiza safari yako ya masomo na kuna pengo linaloonekana. Ukiitumia insha nzima kujitetea, kamati inakukumbuka kama "yule wa kesi."

Kwenye usaili ni tofauti, hapo watakuuliza kwa mdomo. Jifunze kulisema kwa nusu dakika, kwa sauti ile ile unayotumia kueleza mgonjwa uliyemwona jana. Halafu nyamaza. Ukinyamaza, wao ndio wataendelea na swali linalofuata, na mara nyingi litakuwa la kitu kingine kabisa.

Mtu mmoja kati ya wanaokuandikia barua awe anajua. Siyo lazima aiandike. Mkurugenzi akimpigia simu, asishtuke.

Mzee_wa_Zamu

Mimi naleta la kwenye kesi za pombe na dawa, kwa vile hakuna aliyeligusa. Bodi ikiona kesi ya pombe inaweza kukuelekeza kwenye mpango wa afya ya madaktari wa jimbo, PHP. Wanakufanyia tathmini. Wakiona una tatizo, wanakuwekea mkataba wa ufuatiliaji, na miaka 5 ni kawaida: vipimo vya mkojo vya kushtukiza, vikao, ripoti. Gharama mara nyingi ni zako.

Kuna watu wanashauri ujipeleke mapema ili uje na barua safi. Mimi nasema pole pole. Ukishaingia mlango ule ni vigumu kutoka kwa kusema "nilikuja kutazama tu." Ongea na wakili wa leseni kwanza.

StethoYaKale

Mzee, kwa kesi moja ya zamani nakubaliana nawe. Kwa mtu mwenye kesi mbili za pombe, au moja ya mwaka jana, sikubaliani. Huyo atapelekwa huko tu, na kupelekwa Juni wakati hospitali inasubiri leseni ni kubaya kuliko kufika na tathmini iliyokwisha. Na tuseme wazi: kama pombe ndiyo tatizo lenyewe, residensi yenye zamu za usiku haitampunguzia. Anesthesia, udaktari wa usingizi, ndiyo kabisa, fentanyl, dawa kali ya maumivu inayolevya, iko mkononi kila siku, na kamati zao zinajua wamepoteza wenzao kwa njia hiyo.

KwaniKesho

Sawa mmenishinda, nimempigia jamaa. Anasema atatafuta wakili. Swali la mwisho kutoka kwangu: mtu amefanya usaili wote, Januari anakamatwa. Kesi haijasikilizwa. Anasemaje?

Kipimo36

Hajatiwa hatiani, kwa hiyo jibu lake la ERAS bado ni la kweli. Lakini wajibu wa kutoa taarifa hauishii siku ya kutuma maombi, na bodi ya jimbo itamuuliza kabla ya Julai. Wakili wake wa jinai aamue maneno gani yanaweza kusemwa bila kuiharibu kesi, kisha programu ziambiwe kwa maandishi mafupi. Ndiyo, zipo zitakazomshusha kwenye orodha. Kushushwa Februari kuna nafuu kuliko kunyang'anywa nafasi Juni.

Halafu naomba niseme jambo kwa wenye majina ya kawaida, maana sisi tunayo mengi. Kampuni za uchunguzi hutafuta kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Mohamed Ali wa watu atabebeshwa kesi ya Mohamed Ali mwingine, na sisemi yule bondia. Sheria ya taarifa za watumiaji ya 1970 inamtaka mwajiri akupe nakala ya ripoti kabla ya kukukatalia kazi kwa sababu yake, ili upate nafasi ya kuipinga. Usikubali kuambiwa kwa simu tu kwamba "kuna kitu kimeonekana." Omba ripoti yenyewe.

Na FBI wenyewe unaweza kuwaomba rekodi yako kwa alama za vidole, dola 18. Ifanye kabla hujajaza chochote. Nimeona watu waliokuta kesi iliyofutwa mahakamani bado inasomeka kwao kama iko wazi, kwa sababu hakuna aliyewapelekea matokeo.

MamaWawili

Nimeitoa karatasi kwenye faili. Imeandikwa uendeshaji wa hatari, maili 88. Mume wangu amenyamaza 😄 Nijaze ndiyo. Sasa hati za mahakama naombaje wakati siko tena Virginia?

StethoYaKale

Pole na hongera kwa pamoja. Mwandikie karani wa mahakama iliyokusikiliza, jina lake liko juu ya hiyo karatasi, mpe namba ya kesi na tarehe, umwombe nakala iliyothibitishwa kwa muhuri ya shtaka na ya matokeo. Nyingi zinapokea kwa posta na hundi ndogo. Agiza zaidi ya moja, kwa sababu bodi ikichukua yenye muhuri hairudishi, na ubalozi nao watataka ya kwao. Andika leo, usisubiri Septemba. Mahakama ndogo hutunza kesi za barabarani kwa muda fulani kisha huharibu mafaili, na wakishaharibu utahitaji barua ya karani inayosema hivyo, nayo pia iwe na muhuri.